Risasi moja ilipita kama sindano, nyingine ikapasukia begani: ipi inafaa kwa masafa marefu?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mwanagenzi wa uwindaji bingwa, mwaka wa pili sasa, kwenye kitalu kilichopo nyanda za Longido. Msimu huu wageni wawili wameniacha njia panda. Wa kwanza alikuja na bunduki ya .308 (namba hiyo ni upana wa risasi kwa inchi) yenye mtutu mfupi na risasi za shaba tupu za greni 165 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi). Alimpiga choroa, yule swala mkubwa wa pembe ndefu, kwa mita 430, nyuma ya bega kabisa, sote tuliona. Mnyama aliruka, akaondoka na kundi. Damu ilikuwa matone mawili matatu tu. Tulimpata kesho yake asubuhi, kilomita nne mbele, fisi wametutangulia. Kwenye ngozi iliyobaki, tundu la kutokea lilikuwa dogo kama la kuingilia. Mgeni wa pili alikuwa na .300 Winchester Magnum na risasi za greni 180 zilizoandikwa kuwa ni za masafa marefu. Pofu dume, yule mnyama mkubwa wa jamii ya swala, alitutokea kwa mita 60 tu. Mgeni akampiga begani, risasi ikapasukia kwenye mfupa na haikufika kifuani. Bosi wangu ndiye aliyemaliza kazi kwa .375. Je, ya kwanza ilikuwa ngumu mno na ya pili laini mno? Na mwezi ujao anakuja mgeni aliyekwisha kuandika kwamba anataka kupiga kwa mita 500. Nimwambie nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Risasi zote mbili ni nzima na zimetengenezwa vizuri. Tatizo ni kasi zilizofika nayo kwa mnyama. Ya choroa ilifika imechoka, ya pofu ilifika na moto wake wote. Kila risasi ya kuwindia ina kasi ya juu na kasi ya chini inazoweza kufanyia kazi, na kati ya hizo mbili ndipo inapoua haraka. Mita ni njia tu ya kujua kasi imebaki ngapi. Wageni wengi wanajua bunduki yao inafika wapi, lakini ukiwauliza risasi inafika na kasi gani, wanakutazama tu.

Nina kopo la majani ya chai ambalo kwa zaidi ya miaka ishirini nimekuwa nikiweka risasi zilizotolewa kwenye nyama, kwenye mabanda ya kuchunia. Kila moja imefungwa na karatasi yake: mnyama, umbali, ilipoingia, ilipokutwa. Nimemwaga chache mezani wakati nikikuandikia. Hii ya kwanza ni ya greni 180 kutoka .30-06, kongoni, mita 150, ilikutwa chini ya ngozi ya upande wa pili. Imechanua kama uyoga, kichwa chake kipana karibu mara mbili ya shina, na kwenye shina bado unaiona mikwaruzo ya mifereji ya mtutu. Ya pili ilitoka kwenye bega la pofu, kama la mgeni wako: ni kipande cha gamba la shaba kilichojikunja kama karatasi ya peremende, ndani hamna kitu. Ya tatu ni shaba tupu, ilichimbwa kwenye udongo wa kichuguu baada ya kumpita mnyama. Ncha yake imepinda kidogo upande mmoja, basi. Ungeweza kudhani haijawahi kugusa nyama.

Hizo tatu ndizo hadithi yako nzima, kwa hiyo nikueleze kinachozitofautisha.

Risasi ya kuwindia huwa na ncha dhaifu kwa makusudi. Nyingine ina tundu mbele, nyingine ina ncha ya plastiki iliyofunika tundu, nyingine imeachwa madini yake wazi bila gamba. (Lugha yetu inayaita madini na kombora kwa jina moja, risasi, na zamani ilikuwa sawa. Siku hizi kuna risasi ambazo hazina hata chembe ya risasi ndani yake.) Ikigonga nyama, ambayo kwa sehemu kubwa ni maji, umajimaji huo hujaa kwenye ncha na kuisukuma kutoka ndani kwenda nje. Msukumo huo ndio unaoichanua. Na hapa ndipo hesabu inapouma: mgandamizo huo haupungui sawasawa na kasi, unapungua kwa mraba wake. Kwa kasi ya mita 860 kwa sekunde, ile aliyokutana nayo pofu wenu, ncha inabeba mgandamizo wa zaidi ya mara 3,600 ya hewa tunayoivuta. Kwa mita 535 kwa sekunde, ambayo ndiyo makisio yangu ya iliyompata choroa, unabaki kama mara 1,400. Kasi imeshuka kwa zaidi kidogo ya theluthi, lakini nguvu ya kuchanua imebaki chini ya nusu.

Sasa weka nguvu hiyo ndogo kwenye shaba tupu, ambayo ni ngumu kuliko madini ya risasi, na uipitishe katikati ya mbavu mbili za choroa. Hapo hamna mfupa mzito wa kuisaidia kufunguka. Kuna ngozi, nyama nyembamba, na mapafu yaliyojaa hewa. Inatoboa na kuondoka. Mapafu ni kama sifongo, yananyumbuka na kurudi mahali pake. Tundu la milimita saba au nane kwenye mapafu litamuua choroa, lakini kwa saa, na fisi wa Longido hawasubiri saa.

Umeniuliza kama ilikuwa ngumu mno. Kwa mita 150 ingekuwa risasi nzuri kuliko zote kambini. Watengenezaji wengi wa risasi za shaba wanataka ifike na kasi ya kati ya futi 1,800 na 2,000 kwa sekunde, yaani takriban mita 550 hadi 600. Chini ya hapo hawaahidi kitu. Risasi ya .308 ya greni 165 huandikwa kwenye boksi kwamba inatoka mdomoni mwa mtutu kwa mita 820 hivi kwa sekunde. Lakini ulitaja jambo ambalo wengi wangelipita: mtutu mfupi. Namba ya boksi mara nyingi hupimwa kwa mtutu wa inchi 24. Kila inchi unayokata inakupokonya mita saba au nane za kasi, kutegemea baruti. Mtutu wa inchi 20 unakuanzishia kwenye 790. Ikifika mita 430 imebaki 530 na kitu. Mgeni alikuwa ameshavuka mpaka wa risasi yake kabla hajagusa kifyatulio, na shabaha yake nzuri isingeweza kumwokoa.

Upande wa pofu ni kinyume chake. Risasi zinazouzwa kwa jina la masafa marefu huwa ndefu, zimechongoka ili zikate hewa, na gamba lake mbele ni jembamba ili zichanue hata zikifika zimechoka. Nosler, kampuni ya Marekani ya kutengeneza risasi, wana risasi yao ya AccuBond Long Range wanayosema inaanza kuchanua kwa futi 1,300 kwa sekunde, chini kidogo ya mita 400. Ni kazi nzuri ya ufundi. Lakini kitu kilicholainishwa kiasi hicho, kikigonga mfupa wa bega la dume la pofu kwa mita 860 kwa sekunde, kiko kwenye mtihani mkali kuliko wowote. Zile zilizogandishwa, yaani gamba na kiini vimeunganishwa visiachane, zinastahimili vizuri kidogo. Zile ambazo kiini kimewekwa tu ndani ya gamba zinaweza kuvunjika vipande. Pofu dume anaweza kufikia kilo 900. Bega lake limefunikwa na ngozi nene, misuli, na mfupa ambao sijawahi kuuona ukivunjwa kwa mzaha.

Hili si jambo jipya. Mwaka 1946 John Nosler, Mmarekani aliyekuja kuanzisha kampuni hiyo, alikuwa akiwinda British Columbia kule Kanada na .300 H&H Magnum. Alimpiga musi, mnyama wa jamii ya kulungu wa nchi za baridi mwenye mwili wa kukaribia pofu, ambaye ngozi yake ilikuwa imekauka matope. Risasi zikapasukia juujuu na mnyama hakuanguka. Kilichomsumbua Nosler ni kwamba bunduki ya polepole isingempa tatizo hilo. Alirudi nyumbani akatengeneza risasi yenye ukuta wa shaba katikati: chumba cha mbele kinachanua hata kikiharibika chote, chumba cha nyuma kinabaki kizima na kuendelea kusukuma. Ndiyo Partition, bado inatengenezwa hadi leo, na kwa wanyama wazito wa nyanda naiheshimu kuliko nyingi zilizokuja baada yake. Unaona kwamba ilizaliwa na tatizo la karibu. Masafa marefu yalikuja kudai kitu tofauti, na kudai vyote viwili kwa risasi moja ndipo ugumu ulipo.

Masafa nayo yana vituko vyake. Mwaka 2015 Hornady, watengenezaji wengine wa risasi, walipotoa risasi yao ya ELD-X walieleza kwamba walipoifuatilia kwa rada tangu mdomoni hadi mbali, waligundua ncha za plastiki za kawaida zinalainika na kupoteza umbo kwa joto la msuguano wa hewa. Risasi ilikuwa inapoteza kasi zaidi ya namba zilizoandikwa kwenye boksi. Wakabadilisha plastiki. Nakutajia hili ili ujue kwamba hata namba za mtengenezaji mwaminifu ni makisio, na kwamba mgeni anayekuonyesha jedwali kwenye simu yake anakuonyesha hesabu. Nyanda zetu ziko juu, mita elfu moja na zaidi kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo risasi hupoteza kasi kidogo kuliko jedwali la pwani. Faida hiyo ipo, lakini ni ndogo. Usiitegemee kumwokoa choroa.

Chukua namba hizi uziandike kwenye daftari lako, ni za usawa wa bahari. Risasi ya greni 180 ya kawaida ya .300 Winchester Magnum inatoka kwa takriban mita 900 kwa sekunde. Kwa mita 100 imebaki 830. Kwa 200, 765. Kwa 300, karibu 705. Kwa 400, 640. Kwa 500, 585. Risasi hiyohiyo ikitoka kwenye .30-06 inaanza na 820 na kufika mita 300 ikiwa na 640. Tazama vizuri: .30-06 kwa mita 300 ni sawa na .300 Magnum kwa mita 400. Bunduki kubwa imekununulia mita mia moja, basi. Haibadilishi kinachotokea ndani ya nyama.

Kwa hiyo mgeni akikuuliza kuhusu umbali, wewe muulize risasi yake inataka kasi gani ya chini, kisha tafuta ni mita ngapi kasi hiyo inakwisha. Kata mita 50 hapo kwa ajili ya mtutu, joto na makosa ya jedwali. Hiyo ndiyo mwisho wa risasi yake, hata kama yeye ni bingwa wa shabaha wa nchi yao.

Watakuambia kuhusu nishati. Kuna kanuni ya Marekani inayotembea sana, kwamba mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu anataka futi-pauni 1,500, karibu jouli 2,000. Hiyo .300 kwa mita 500 ina jouli 2,000 hasa, kwa hiyo mgeni ataona amefaulu. Lakini nishati inayotoka na risasi upande wa pili na kwenda kuchimba kichuguu haijamfanya mnyama kitu. Bell, yule Mskoti aliyewinda Karamoja, kule Uganda, mwanzoni mwa karne iliyopita, aliua tembo zaidi ya 1,000 maishani mwake, wengi kwa bunduki ndogo ya 7 mm na risasi ngumu zisizochanua kabisa. Nishati ya bunduki hiyo ni ndogo kuliko ya wageni wako wote. Aliweza kwa sababu alikuwa anajua ubongo wa tembo uko wapi na alikuwa anasogea hadi karibu sana ndipo apige. Risasi ngumu ikipita kwenye ubongo, kazi imekwisha. Ikipita kwenye mapafu ya choroa, una siku nzima ya kufuata nyayo.

Nigusie hapo jambo dogo. Kuna vijana wanaoona risasi za kijeshi zenye gamba zima ni za bei nafuu na zinalenga vizuri, wakazipeleka porini. Hizo zimefungwa ncha kwa sababu ya mkataba wa Hague wa 1899 uliokataza risasi zinazochanua vitani. Binadamu waliona aibu kupasuana namna hiyo. Kwa mnyama huruma ni kinyume: anayechanuliwa kifua anaanguka ndani ya sekunde chache, anayetobolewa anateseka. Usiruhusu risasi ya kijeshi kambini kwako kwa mnyama yeyote wa nyama. Na risasi za mashindano ya shabaha vilevile, hata zikipiga tundu moja kwa mita 300. Sierra, wanaotengeneza zile za MatchKing, wenyewe wanasema si za kuwindia.

Sasa mgeni wako wa mita 500. Tuseme amekuja na risasi sahihi, inayochanua kwa kasi hiyo. Bado yapo mengine, na haya hayamo kwenye boksi.

Risasi ya .300 inachukua takriban sekunde 0.7 kufika mita 500. Choroa anayetembea polepole akila anaenda zaidi ya mita moja kwa sekunde. Akipiga hatua mgeni akiwa ameshavuta, risasi iliyolengwa bega inaingia tumboni, na hakuna mtu duniani anayeweza kuona hatua hiyo inakuja. Sehemu inayoua kwenye kifua cha choroa ni kama sahani kubwa ya pilau, sentimita 25 hadi 30. Kwa swala pala ni ndogo zaidi.

Upepo. Ule wa kilomita 16 kwa saa, unaotikisa vijitawi vya mgunga na ambao kule Longido ni wa kila siku kuanzia saa nne asubuhi, unaisukuma risasi hiyo sentimita 8 tu kwa mita 200. Kwa mita 500 ni sentimita 60. Na mgeni anaupima upepo pale aliposimama, wakati katikati ya bonde unavuma mwingine. Nimewahi kusimama na mgeni hodari, nyasi miguuni petu zimelala kuelekea kushoto, na vumbi la nyumbu kwenye mbuga likienda kulia. Nilimwambia tusogee. Alisogea, na ninamshukuru hadi leo.

Kushuka. Bunduki iliyolinganishwa kwa mita 200 inashusha risasi sentimita 22 hivi kwa 300, zaidi ya nusu mita kwa 400, na karibu mita moja na sentimita 30 kwa 500. Kipima umbali cha leza kinasaidia, lakini kwenye nyanda zenye joto hushika nyasi za mbele au kichaka cha nyuma ya mnyama. Ukikosea mita 25 kwenye 500, umekosea sentimita 13 au zaidi juu au chini. Hizo ni kama nusu ya ile sahani.

Halafu mikono. Kwenye benchi la kulengea, bunduki nzuri inaweka risasi ndani ya sentimita 3 kwa mita 100. Mtu yuleyule, ametembea kilomita mbili, amesimama kwenye fimbo za kulengea, moyo unampiga, ana bahati akizifunga ndani ya sentimita 10. Zidisha kwa tano: nusu mita. Kwa hiyo usibishane naye kwa maneno. Siku ya kwanza kambini, baada ya kulinganisha darubini, weka kibao cha sentimita 25 kwa mita 300. Mtembeze kwa haraka dakika kumi, mpe fimbo, mpe risasi tatu. Akiingiza zote, mmeanza mazungumzo. Sijaona wengi wakiziingiza. Wakishaona wenyewe wanakuwa watu wa kuongea nao, na wala hujawavunjia heshima.

Ukiniuliza mimi, kwa nyanda za wazi nilikuwa naweka mpaka wa mita 300 kwa choroa, kongoni na nyumbu, mnyama akiwa amesimama ubavu, upepo umetulia, mtu amekaa au amelala chini. Kwa pofu nilitaka 200. Kwa nyati hatuzungumzii masafa: sheria inataka .375 kwenda juu, na risasi ya .375 ya greni 300 ni nzito, pana, si ya kwenda mbali. Nyati hupigwa kwa mita 50 au 80, na nilitaka mgeni aone kope zake. Simba na chui ndiyo kabisa, maana aliyejeruhiwa kwa mita 400 utaingia wewe vichakani kumfuata, mgeni atabaki garini. Na mnyama aliyejeruhiwa anahesabika kwenye leseni, apatikane asipatikane. Mwambie mgeni hilo mapema, kabla hajatoa bunduki kwenye mfuko.

Watu watakuambia nyanda hazina maficho, huwezi kusogea. Wewe unazijua kuliko wao. Kuna makorongo, kuna vichuguu, kuna kundi la pundamilia unaloweza kulitumia kama pazia, kuna saa ya asubuhi ambapo jua liko nyuma yako na machoni mwa choroa. Kutoka 450 hadi 250 ni nusu saa ya kutambaa kwenye mbigili. Nilitambaa na watu wa miaka sabini. Na hiyo nusu saa ndiyo wanayoisimulia wakirudi kwao.

Kuhusu risasi ya kumshauri kabla hajasafiri: kwenye safari moja atakutana na pofu wa mita 60 na choroa wa mita 280, pengine siku hiyohiyo. Kwa hiyo achukue risasi inayostahimili karibu kwanza, kisha akubali mpaka wake wa mbali. Partition, au iliyogandishwa, au shaba tupu ya kisasa yenye ncha ya plastiki, greni 180 kwenye .300. Mpaka wa risasi hizo, kwa bunduki hiyo, uko mbele ya mita 300 kwa nafasi nzuri, kwa hiyo mikono yake itaishia kabla ya risasi. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Shaba tupu ina jambo jingine zuri: haiachi vumbi la madini ya risasi kwenye nyama ambayo jioni italiwa kambini na kijijini, wala kwenye matumbo ambayo tai watayashukia. Asichanganye risasi mbili za aina tofauti kwenye boksi moja akidhani atachagua wakati wa kupiga. Hakuna anayechagua mnyama akishatokea.

Jambo la mwisho ni lile la sauti, ambalo hukuliuliza lakini limo kwenye kisa chako. Kwa mita 430 mlio wa risasi ikigonga unakufikia karibu sekunde mbili baada ya kuvuta, maana risasi inaenda na sauti inarudi polepole, mita 340 kwa sekunde. Funza masikio yako kuusubiri. Mfupa wa bega unalia kavu, kama fimbo ikipiga gome la mbuyu. Tumbo linalia mzito, "pwaa", kama kupiga gunia la mahindi. Mbavu zikipitwa na risasi isiyochanua mlio ni hafifu, karibu hamna, na mtu husema "amekosa". Hapo ndipo wanyama wengi wanapopotea. Mkisikia hivyo na mnyama akaruka kwa kukunja mgongo, asipige mtu makofi wala asiwashe mtu gari. Mwache traka (mfuata nyayo) mmoja atazame kundi kwa darubini mpaka ajue yupi anabaki nyuma, yupi anasimama na kichwa chini. Mwingine aende mpaka pale mnyama alipokuwa amesimama, atafute nywele. Nywele zilizokatwa utazipata hata pasipo damu, na rangi yake itakuambia risasi iliingia juu au chini. Kisha mfuateni siku hiyohiyo, taratibu, jua likiwepo. Tundu dogo la mapafu huvuja ndani; damu itaanza kuonekana mbele, mita 300 au 400, ikitoka puani na ina povu.

Na lile bega la pofu, kama mchunaji bado hajalitupa, lichambueni mpate vipande vya ile risasi. Vipimeni kwa mizani ndogo ya kupimia baruti, andika umbali, andika imebaki greni ngapi kati ya 180, vifunge na karatasi. Kopo la majani ya chai linatosha kwa kuanzia.